Ua Lililowaogesha Waheshimiwa wa Mutsamudu

Aibu hii nitaisema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na mtu wa Mutsamudu, kwa sababu wale wakisimulia huongeza chumvi, na wallahi haihitaji chumvi. Mimi ndiye niliyewarashia masheikh romu katika maulidi. Ndiyo, romu, ile ya kulewea, tena katikati ya kiyamu, watu wamesimama wanamswalia Mtume, wengine machozi yanawalenga. Mkishamaliza kucheka niambieni niendelee.

Haya. Mimi ni Mngazija wa Zanzibar, maana yake Zanzibar waliniita Mngazija, na niliporudi kwetu Moroni wakaniita Mzanzibari, na Mutsamudu, kisiwa cha jirani, kwa shangazi yangu, wakaniita vyote viwili kwa kunikomoa. Moroni nilikuwa nafundisha sayansi shule ya sekondari. Ilikuwa miaka ile ya mamluki, wazungu wenye bunduki waliokuja usiku mmoja na kuipindua serikali kisha wakakaa kama nyumba ni ya baba yao, na sisi tukajifunza kusema polepole na kufungua mikoba kabla hatujaambiwa. Wenzangu jioni walicheza karata. Mimi nilipanda milimani kutafuta mimea. (Mama mkwe wangu mtarajiwa alipoambiwa naokota majani, aliuliza kama mbuzi ni wangu au wa mtu.)

Sasa katika msitu ulio juu ya Mutsamudu, huko ambako mawingu yanakaa mpaka saa nne asubuhi, nilikuwa nimekuta okidi, yale maua yanayoota juu ya miti bila kugusa udongo. Lilikuwa ua jeupe, dogo, lina mkia mrefu nyuma mwembamba kama uzi wa kushonea, na mdomo wake una baka la kijani ndani ambalo sijaliona katika kitabu chochote. Nilipeleka moja kwa mtaalamu mmoja Ulaya, nimelikausha vizuri kati ya magazeti, nimelibana kwa mbao na mawe. Akanijibu kwa adabu kwamba huenda ni spishi mpya, haijaelezwa na mtu yeyote duniani, lakini ua limekuwa bapa kama chapati na sehemu za ndani hazionekani, na bila sehemu za ndani hakuna jina. Nitafute jingine, nilitie kwenye spiriti likiwa bichi. La sivyo, nisubiri mpaka mtu wao aje kulitafuta mwenyewe.

Mtu wao! Hilo ndilo lililoniuma. Kila kitu kinachoota visiwani kwetu kilikuwa na jina la mtu wao, mzungu fulani aliyeshuka melini, akakaa mwezi, akaugua malaria, akarudi kwao na jina lake likabaki kwenye mti wetu. Nikaapa hili litaelezwa na mtoto wa huku. Nikaanza mpaka kujifunza Kilatini, maana sharti la mambo yao maelezo ya mmea mpya yaandikwe kwa Kilatini, nami nikakaa barazani na kamusi nikinung'unika maneno, jirani akamtuma mke wake apeleleze kama nimeanza uganga.

Ua nilijua litapatikana wapi. Spiriti je? Hospitali ya Moroni hawakuwa nayo hata ya kusafishia sindano, meli ilikuwa haijaja. Mji mzima wa Waislamu, nani ana pombe kali? Mamluki. Nina jirani aliyekuwa mpishi wao, nikamweleza shida, akanitazama kwa huruma kama anayemwona mtu anapotea, kisha akaniletea chupa ya romu nyeupe ya Reunion, kali, ukiinusa tu nywele za pua zinasimama. Nikamwambia ni ya ua. Akasema, "Sawa, mwalimu. Wote huanza hivyo."

Na hapa ndipo ulipo uamuzi wangu mdogo. Chupa ile ilikuwa na picha ya binti amebeba miwa na maandishi makubwa ya kila mtu kujua. Mimi naenda Mutsamudu, bandarini askari wanafungua mikoba hadharani, na shangazi yangu Zaina lazima atume watu kunipokea, na mume wake shangazi ni Fundi Bakari. (Fundi kwetu si wa kushona wala wa kujenga, ni mwalimu wa dini, na huyu alisoma Zanzibar na wanafunzi wake wamejaa visiwa vyote.) Nikatafuta chupa tupu ya marashi ya waridi, nikaiosha, nikaimimina romu humo, nikaizibua na kuiziba mpaka ikakaa vizuri, na picha yake ya waridi ikanitazama kwa heshima zote. Nikajiona nina akili! Bandarini Mutsamudu askari akaishika, akaona waridi, akasema, "Mashallah," akairudisha.

Nyumbani nikaamkia, "Kwezi, shangazi," (ndiyo shikamoo yetu), nikapewa chumba, nikaweka chupa yangu rafuni pamoja na mtungi mdogo wa kioo, wa jemu, niliokuja nao kwa ajili ya ua. Ningeweza kumwambia shangazi pale pale. Lakini ningeanzaje? Kwetu nyumba ni ya mke, mume anahamia, na nyumba hii shangazi alijengewa na baba yake, na kila kitu kilichovuka kizingiti chake alikihesabu kuwa chini ya amri yake, mimi nikiwemo. Nikanyamaza. Nikaambiwa kesho alasiri kuna maulidi hapa nyumbani, watakuja waheshimiwa wote wa mji, nisichelewe kurudi kutoka kwenye majani yangu.

Kesho yake asubuhi nikapanda. Nilipofika mahali pangu nilitaka kulia. Mti haupo! Watu walikuwa wanakata kuni za mitambo ya langilangi, ile inayochemsha maua siku nzima kutoa mafuta ya manukato, na mti wangu ulikuwa chini, umeshakatwa matawi. Nikauzunguka nikitambaa kwa magoti. Okidi zangu zilikuwa zimepondeka upande wa chini, ila kichaka kimoja kilikuwa kimeng'ang'ania juu ya gogo, na juu yake ua moja, limefunguka lote, halina hata jeraha. Nilitafuta miti ya jirani yote. Hakuna. Nikajua nikilipoteza hili sina jingine, na pengine dunia nayo haina jingine. Nikalichora hapo hapo na kuandika rangi zake, nikalifunga kwenye kuvumwani mbichi, ule ukoga laini wa juu ya miti, na jani la mgomba, nikashuka mlima nikilishikilia kifuani kama mtu aliyebeba yai la mwisho sokoni.

Jua lilikuwa kali. Nilipofika mjini alasiri imeingia, vichochoro vimejaa harufu ya ubani, na nyumba ya shangazi imejaa kanzu na majoho mpaka barazani. Ua limeanza kulegea mkia. Nikapita nyuma jikoni, nikaingia chumbani, nikanyoosha mkono rafuni. Mtungi wa jemu upo. Chupa haipo.

"Shangazi!" nikasema. "Chupa yangu?"

Shangazi Zaina alikuwa anapanga sinia za vitumbua, uso umepakwa msindzano, lile liwa la sandali la manjano wanawake wetu wanalojipaka, amependeza kama bibi harusi wa pili. Akanishika shavu. "Mwanangu, Mungu akulipe. Marashi yalituishia, nikasema leo nitaumbuka mbele ya mji mzima, nikaingia kwako nikakuta umeniletea. Na hukusema! Umelelewa vizuri."

"Umeyafanya nini?"

"Nimeyatia kwenye mrashi. Anli ameshaingia nao."

Jamani! Anli ni mtoto wake wa kwanza, binamu yangu, mtu mzima mwenye ndevu na bidii, na anapopewa kazi ya kurasha hakosi mtu. Nikachungulia ukumbini. Kiyamu kimeanza. Wamesimama wote, kadhi, wafanyabiashara wa bandarini, mkuu wa mkoa na tai yake, na mbele kabisa karibu na Fundi Bakari amesimama mzungu mmoja wa mamluki, luteni, aliyesilimu akaitwa Yakubu, amevaa kanzu juu ya buti za jeshi. Watu walimwalika kwa sababu kutomwalika kulikuwa na gharama zake. Na Anli anapita katikati, ule mrashi wa fedha wa shangazi mkononi, anawarashia kichwani, mabegani, viganjani, na wenyewe wanajipaka usoni kwa mapenzi kabisa.

Mkanganyiko wangu hauelezeki. Kila tone lililotoka ni dhambi juu ya mheshimiwa na ni kifo cha ua langu, yote mawili kwa pamoja, na nina haya kukiri kwamba kilichonisukuma kuingia ni ua. Nikajipenyeza kati ya makanzu, ua mkono wa kushoto, nikasema, "Samahani, samahani," nikamfikia Anli, nikamnong'oneza, "Nipe mrashi." Akatikisa kichwa. Hajamaliza safu. Nikaushika. Akauvuta. Nikauvuta. Yeye ana bidii, mimi nina hofu, kifuniko kikafunguka, na romu ikaruka ikamwagikia Fundi Bakari kifuani, luteni usoni, na matone mengine yakaanguka kwenye chetezo cha ubani. Ukatoka moto wa buluu, fuu! Mzee mmoja akapiga takbiri kwa nguvu, akidhani ni karama.

Kisha harufu ikapanda.

Nisikilizeni, huu ndio utamu wa mkasa. Kila mtu mle ndani aliisikia ile harufu, na hakuna aliyeweza kuitaja. Kwa sababu ukisema, "Hii ni pombe," jirani yako atauliza, "Umeijuaje?" Nikawaona wanavyohangaika. Kadhi akanusa mkono wa kanzu, akaushusha taratibu. Mfanyabiashara mmoja mwenye maduka huko Mirontsy akasema kwa sauti ya mtu asiye na kosa, "Marashi haya... ya nchi gani?" Mkuu wa mkoa akakazia macho dari. Mwingine akasema huenda ni ya Uturuki, wenzake wakaitikia haraka, ndiyo, Uturuki, Waturuki wana mambo.

Luteni Yakubu akajifuta uso, akalamba mdomo bila kufikiri, macho yakamng'aa, akasema kwa Kifaransa, kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu yake safarini, "Lakini hii ni romu! Tena romu nzuri!"

Watu hawakunitazama mimi, walimtazama yeye, na baada yake wakamtazama Fundi Bakari, ambaye romu ilikuwa inamtiririka kwenye ndevu. Mnakumbuka nilivyosema tulijifunza kusema polepole? Hakuna mtu mji ule aliyekuwa amewahi kumuuliza mmoja wa watu wale swali lolote, hata saa ngapi. Fundi Bakari akamgeukia, akamuuliza kwa upole kabisa, kama anavyowauliza wanafunzi wake, "Na wewe, Yakubu, umeijuaje?"

Uso wa mzungu ukaanza kuiva kutoka shingoni kwenda juu, mpaka masikio. "Ni... zamani, Fundi," akasema. "Kabla sijasilimu." Wallahi nilimsikia kadhi akikohoa kohoo lisilokuwa kohoo.

"Alhamdulillahi," akasema Fundi. "Basi kwa mujibu wa madhehebu yetu hii ni najisi. Magharibi inakaribia. Kila aliyepatwa ataoga na nguo zake zitafuliwa. Sote. Hakuna mkubwa hapa." Na kwangu akasema, "Wewe bakia."

Nilipiga magoti mbele yake, na hapo ndipo nikafungua jani la mgomba. Sikuwa na hila tena. Nikamweleza yote kwa mbio, ua, mti uliokatwa, Ulaya, mtu wao atakayekuja, chupa ya waridi, mpishi (hapana, mpishi sikumtaja, nilikuwa mjinga si msaliti). Ua lilikuwa limeshalala kiganjani. Nikamwambia, "Fundi, nipige, nifukuze, lakini kilichobaki kwenye mrashi nipe. Likikauka halitapata jina, na sijui kama lipo jingine."

Akaliangalia kwa muda. Akauliza, "Hili halina jina?"

"Halina, Fundi."

"Toka Mungu aliumbe?"

"Kwa watu, bado."

Shangazi Zaina alikuwa ameshafika mlangoni na ameshaelewa alichowarashia wageni wake kwa mkono wa mwanawe, na uso wake chini ya msindzano siwezi kuuelezea, nauota mpaka leo. "Limwage!" akasema. "Limwage, na huyu alifuate!"

Fundi akainua mkono. "Zaina. Ua si mukalafu, si mtu wa kubebeshwa sheria. Halina swala, halina saumu, halihesabiwi, na halinywi." Akanirudia mimi. "Litie. Lakini sikiliza. Hukuniaibisha kwa romu, umeniaibisha kwa kuificha ndani ya chupa ya waridi. Utaitoa nyumbani humu kwa mlango wa mbele, kungali mwanga, ndani ya kioo, kila mtu aone ni nini. Na ukirudi utafua."

Nikamimina kilichobaki kwenye mtungi wa jemu. Hakikutosha! Ua lilizama nusu, mkia umebaki nje unaning'inia, na ilikuwa kama kumwogesha mtoto kwenye kikombe. Nikatoka nao barazani nikiwa karibu kulia, na nje nikakuta jambo ambalo Mutsamudu hawatalisahau. Kwenye birika la msikiti wa mkabala wamepanga foleni waheshimiwa, majoho ya kutarizi mikononi, na katikati ya foleni, baada ya muuza samaki na kabla ya kadhi, amesimama luteni Yakubu, kavua buti zake, anasubiri zamu yake. Yule ambaye vizuizi vyake vya barabarani viliwasimamisha watu juani kila siku! Wanawake walikuwa wamejaa kwenye madirisha ya juu, wamejifunika midomo kwa shiromani, zile shuka zao za kujitanda, na mabega yanatikisika.

Alipomaliza kuoga akanijia, maji yanamdondoka, akatazama mtungi wangu na ule mkia ulionyauka. Akamwita dereva wake. Dereva akarudi na chupa ya romu, binti wa miwa yule yule, haijafunguliwa. "Hii ni ya zamani," akaniambia luteni kwa uso mkavu. "Kabla sijasilimu." Nikaitazama lakiri yake inang'aa, nikasema, "Naona, luteni." Nikaujaza mtungi mpaka juu. Ua likaelea, likajinyoosha polepole, mkia ukashuka moja kwa moja, na baka la kijani likaonekana ndani ya mdomo wake wazi kabisa. Nilipiga kelele. Sina haya kusema. Nilipiga kelele ya furaha mbele ya msikiti nikiwa nimeshika romu.

Nikapita mji wote hivyo, mtungi juu ya kiganja kama Fundi alivyoamuru, kichochoro kwa kichochoro, na watu wakitoka milangoni wakininyooshea kidole, "Ndilo hilo ua lililolewa!" na mimi nikiwajibu, "Ndilo!" Nililipeleka bandarini, nikalikabidhi kwa nahodha wa boti ya kwenda Moroni niliyemfahamu, mbele ya askari, nikatamka kwa sauti ni nini kilichomo. Kisha nikarudi nikafua. Nilifua kanzu na majoho mtoni mpaka ngozi ya vidole ikatoka, na Anli alikaa kwenye jiwe akinihesabia madoa, akisema hakumaliza safu yake kwa sababu yangu.

Lakini ua lilikuwa jipya. Jipya! Nililipasua upande mmoja tu kwa wembe chini ya hadubini ya shule, nikachora kila sehemu ya ndani, nikaandika Kilatini changu cha barazani, nikavituma vyote pamoja na ua, na yule mtaalamu wa Ulaya akarekebisha vitenzi na akakiri kwamba hajaona mfano wake. Maelezo yakachapishwa, na mwishoni likawekwa jina langu, mtoto wa huku, kuwa mimi ndiye niliyelieleza. Kutoa jina la pili la spishi ni haki ya anayeieleza, na mimi sikufikiri mara mbili. Nililiita *zainae*, yaani la Zaina.

Nilipompelekea habari shangazi, alinikaribisha kwa mwiko. "Mimi nimehiji! Mimi! Na jina langu umelitumbukiza kwenye chupa ya ulevi!" Alininunia Ramadhani mbili. Mimi nikaapa, na kiapo nimekitimiza, chupa yoyote ninayoingiza nyumbani kwa mtu natangaza mlangoni kilichomo, hata ikiwa maji, hata ikiwa dawa ya kikohozi, na watu wananiona nimepungukiwa. Afadhali hivyo.

Miaka ikapita, mamluki wakaondoka, na mimi nikapata nafasi ya kwenda Ulaya kwenye ile nyumba inayohifadhi mimea ya dunia. Wakanifungulia kabati. Lilikuwepo, jeupe, mkia umenyooka, na kibandiko kina jina la shangazi yangu. Mtunzaji akafungua kifuniko kidogo nilione vizuri, harufu ikanipiga, na mimi nikajikuta natafuta birika kwa macho. Nikasema, "Kwezi, shangazi," na yule mtunzaji akadhani nazungumza naye.

Niliporudi nikapita Mutsamudu kumweleza. Alikuwa mzee sasa, Fundi amefariki, na msituni nimeshapanda mara nyingi bila kuliona tena ua lile. Akanisikiliza akichambua mchele. Akauliza, "Bado limo ndani ya ile takataka?"

"Bado, shangazi."

"Na jina langu limeandikwa?"

"Limeandikwa."

Akachambua kidogo, akatupa chuya moja, akachambua tena. Kisha akasema, "Mwandikie huyo mzungu wa kabati. Mwambie hilo ni langu, na asije akalimwaga."